Aliyevuka Mto Bila Hati

Swali la asili ya mtu ni jepesi mdomoni na zito kwenye karatasi. Mzee wa Ruangwa akiulizwa ametoka wapi atakutajia mama yake, mjomba wake, kijiji alikozikwa bibi yake, hata mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba. Karatasi haitaki mwembe. Inataka jina la baba, jina la babu, mahali pa kuzaliwa na mwaka. Mwaka 2018, wakati wa uandikishaji wa vitambulisho vya taifa, mdogo wangu aliulizwa babu yetu mzaa baba alizaliwa wapi. Akajibu kama alivyofundishwa na wakubwa: Nachingwea. Akaulizwa tena, kwa upole tu, kama kuna hati yoyote ya kuonyesha hivyo. Hapo kazi ikaletwa kwangu, kwa kuwa katika familia mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mtu wa vitabu.

Ukweli ni kwamba babu hakuzaliwa Nachingwea, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa halijui jambo hilo. Chale za usoni mwake zilimtaja kabla hajafungua kinywa. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, mmoja wa wale ambao wenyeji wa huku waliwaita Wamawia, na alivuka mto Ruvuma akiwa kijana. Bibi alikuwa Mmwera wa Ruangwa. Nilipomwendea baba mdogo, ndiye mkubwa wetu aliyebaki, nikamweleza kwamba nataka kutafuta habari za babu katika nyaraka, hakufurahi.

"Mwanangu," aliniambia, "kaburi la babu yako liko hapa. Unataka hati gani tena? Ukichokonoa ya Msumbiji, kesho tutaitwa wageni."

Sikuweza kumpuuza. Neno "mgeni" si neno dogo kwa watu wanaoishi karibu na mpaka. Hata hivyo, niliona kwamba kukaa kimya ni kuwaachia watoto wetu jibu ambalo hawawezi kulitetea. Niliazimia kwanza kuelewa karatasi za namna hii zilivyo, zinamwandika nani na zinamwacha nani, kabla ya kusema lolote mbele ya ofisi yoyote.

Katika nchi nyingine kazi hii ina njia iliyonyooka. Marekani ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mamilioni ya watu waliingia nchini humo kwa meli, wengi wao kupitia kisiwa cha Ellis katika bandari ya New York, kituo kilichofunguliwa mwaka 1892 na kufungwa mwaka 1954. Kila meli ilikuwa na orodha ya abiria wake: jina, umri, kazi, na mahali mtu alikotoka. Baadaye mgeni aliyetaka uraia alipeleka tamko la nia yake mahakamani, kisha ombi lenyewe, halafu akala kiapo. Kabla ya mwaka 1906 kila mahakama ilikuwa na namna yake ya kuandika, na karatasi nyingi za wakati huo hazisemi zaidi ya jina na nchi. Sheria ya mwaka 1906 ilileta fomu moja kwa nchi nzima, na nakala ikapelekwa Washington. Tangu hapo mjukuu anaweza kukuta katika ukurasa mmoja kijiji alichozaliwa babu yake, jina la meli na siku ya kufika.

Lakini hata huko karatasi ina upofu wake. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 1922, mke wa mgeni alipata uraia kwa kupitia mumewe bila kuomba mwenyewe. Anayemtafuta bibi yake hana budi kumtafuta ndani ya karatasi za babu, na mara nyingi hamkuti kabisa. Jambo hili nililiweka moyoni bila kujua kwamba litanifaa baadaye.

Turudi kwetu. Ruvuma ulifanywa mpaka mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipopatana juu ya nchi ambazo wengi wao hawakuwa wamezikanyaga. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa pande zote mbili za mto kabla ya mkataba huo na wakaendelea kuwa pande zote mbili baada yake. Upande wa kusini, Wareno waliikabidhi nchi kwa Kampuni ya Niassa, ambayo ilipewa hati ya kuitawala mwaka 1891 na ikaondoka mwaka 1929. Kampuni ile iliishi kwa kodi ya nyumba na kwa kutoa watu kazini kwa nguvu. Ilipoondoka, serikali ya Wareno iliendeleza kazi ya kulazimishwa, na kuanzia mwaka 1938 wakulima wa kaskazini ya Msumbiji wakalazimishwa kulima pamba hata pale ambapo chakula hakikutosha. Watu walikimbia. Walivuka kiangazi maji yanapopungua, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Hapakuwa na ofisa uhamiaji wa kuwangoja kwenye mchanga na daftari mkononi. Babu alikuwa akisema alivuka "miaka ya pamba", na kwa mtu wa umri wake hiyo ni tarehe kamili.

Kwa hiyo anayeingia katika jumba la Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam akitaka hati ya kuingia nchini ya mtu wa namna hii asitegemee kuipata. Haikuandikwa. Lakini asifikiri kwamba hakuna wageni walioandikwa katika Jimbo la Kusini. Waliandikwa, na inafaa kuwatazama ili tuone tofauti.

Wa kwanza ni wenye maduka wa Kihindi. Mtu aliyepanda meli Bombay, kama vile Karanja au Amra, alishuka Dar es Salaam akiwa na pasi, na baada ya vita ya pili ya dunia masharti ya kuingia Tanganyika yalizidi kukazwa. Duka lake lilikuwa na leseni. Uhuru ulipokuja, wengi wao walikuwa na miaka miwili ya kuamua kama wajiandikishe kuwa raia. Hivyo mjukuu wa mwenye duka wa Nachingwea, hata kama leo anaishi Toronto au Leicester, ana nafasi ya kukuta pasi, kibali na hati ya uraia, na ndani yake jina la kijiji cha Gujarat.

Wa pili ni Wazungu wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, nao ulikuwa na sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuja, msitu ukang'olewa, reli ikajengwa, na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Mpango ulikatishwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fundi aliyetoka Uingereza alikuwa na mkataba, pasi na jalada lake. Kibarua aliyeng'oa visiki pembeni yake alikuwa na namba. Babu alikuwa mmoja wa hao vibarua.

Wa tatu ni wakimbizi wa vita vya ukombozi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964, na watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Safari hii walipokewa kwa daftari. Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la makanisa la TCRS waliwaweka katika makazi kama Rutamba, wilayani Lindi, na Matekwe, huku kwetu Nachingwea. Wapiganaji wenyewe walikuwa na kambi yao Nachingwea, mahali panapoitwa Farm 17 hadi leo, chini ya Samora Machel. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, wengi wa wakimbizi walirudi kwao. Waliovuka na kuandikwa wakarudi. Waliovuka miaka 25 kabla yao bila kuandikwa walikuwa wamekwisha kuwa wazee wa vijiji vyetu.

Nilipoyapanga mambo haya mbele yangu nikaelewa kanuni moja ambayo ningependa msomaji aichukue hata akisahau mengine yote. Serikali haimwandiki mtu kwa ajili ya wajukuu zake. Humwandika pale inapotaka kitu kwake: kodi, kazi, au utii. Hata dini humwandika pale inapopokea roho yake. Basi anayemtafuta babu asiyekuwa na hati ya kuingia asiulize "aliingia lini?" Aulize "nani alikuwa na haja naye, na mwaka gani?"

Kwa njia hiyo nikaanza upya. Wa kwanza kuwa na haja naye alikuwa mtoza kodi. Kodi ya nyumba ililetwa na Wajerumani mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Stakabadhi ya kodi ilikuwa kinga ya mtu njiani, kwa hiyo wazee waliitunza kuliko nguo. Katika kasha la bati la babu, chini ya kanzu, tulikuta stakabadhi tisa zilizokunjwa hata zikawa kama majani makavu. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu, kila karani kwa sikio lake. Chini ya kabila pameandikwa Makonde katika baadhi yake, na Mawia katika nyingine. Mtu ni yule yule, kalamu ndizo tofauti. Anayetafuta jina moja lililoandikwa kwa usahihi atapita juu ya babu yake bila kumwona.

Wa pili alikuwa mwajiri. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa namba. Kipande cha babu hakikuonekana.

Wa tatu ilikuwa misheni. Wabenediktini walifika Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, misheni zote mbili zikachomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Vitabu vyao vya ubatizo na ndoa viliandikwa kwa Kilatini, lakini safu zake hazibadiliki, na anayejua maneno kumi anaweza kuzisoma: aliyezaliwa, baba, mama, msimamizi, mahali. Kwa Waislamu, ambao ni wengi zaidi katika wilaya zetu, daftari la namna hii halipo; wao hutegemea zaidi stakabadhi, mashauri ya mahakama za liwali, na hati za ndoa za miaka ya baadaye.

Bibi alikuwa amebatizwa mtoto, na babu alibatizwa ili amwoe. Katika kitabu cha ndoa cha parokia moja nikaonyeshwa mstari wao. Kwenye safu ya mahali alipozaliwa bwana arusi, padri aliandika neno moja: Rovuma. Mtu hazaliwi mtoni. Nadhani babu aliulizwa ametoka wapi, akajibu kama wavukaji wote, na padri akaandika alichosikia. Hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na hati ya uhamiaji katika maisha yake yote.

Nilikaa na neno lile muda mrefu kabla macho yangu hayajahamia safu ya pili. Upande wa bibi arusi kulikuwa kumejaa: jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji alichozaliwa, na mwaka wa ubatizo wake. Na katika kitabu cha ubatizo, mwaka 1944, baba yangu ameandikwa kuwa amezaliwa katika kijiji hicho hicho cha Ruangwa.

Hapo nikaenda kusoma masharti ya uraia yaliyoanza kutumika tarehe 9 Desemba 1961. Kwa lugha ya kawaida yanasema hivi. Aliyezaliwa Tanganyika, akiwa mtu wa himaya ya Mwingereza kama walivyokuwa wazaliwa wa nchi hii, alikuwa raia siku hiyo hiyo bila kuomba, ikiwa angalau mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Baba au mama. Ikiwa wazazi wote wawili walizaliwa nje, mtu huyo hakuwa raia kwa kuamka tu asubuhi ya Uhuru. Alipewa miaka miwili ajiandikishe.

Familia nzima ilikuwa ikiogopa kwa sababu ya babu, na mimi nikatumia miezi nikimtafuta babu. Kumbe uraia wa baba yangu, na baba mdogo, na sisi wote, ulipita kwa bibi. Wala haikupasa kutushangaza. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wote huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Fomu ndizo zilizotufundisha kuanza na baba, kisha babu, kama kwamba mama ni njia tu ya kupitia. Katika jambo hili sheria ya 1961, pengine bila kukusudia, ilikubaliana na mila ya Kusini kuliko fomu zake zenyewe.

Nilimsomea baba mdogo kifungu hicho mara mbili. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na jirani yetu yule, ambaye baba na mama walivuka pamoja?" Ndilo swali lililonizuia nisifurahi sana. Mtoto wa wazazi wawili waliovuka, aliyezaliwa Ruangwa mwaka ule ule wa baba yangu, akacheza naye, akalipa kodi, akaimba Uhuru, alipaswa kwenda kujiandikisha kabla ya Desemba 1963. Mwenye duka aliyekuwa na gazeti na mwanasheria mjini alijua. Mkulima wa mihogo angejulia wapi? Kati ya baba yangu na rafiki yake hapakuwa na tofauti ya mapenzi kwa nchi, wala ya jasho. Tofauti ilikuwa mahali alipozaliwa mwanamke mmoja.

Tusidhani kwamba swali hili ni la Kusini peke yake. Wamakonde wengine walikwenda mbali zaidi, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya. Watoto na wajukuu wao waliishi Kwale bila uraia wa nchi yoyote kwa miongo mingi. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho. Walioandikishwa walipata uraia kwa sababu walikubali kusema waziwazi kwamba wazee wao walitoka ng'ambo ya Ruvuma. Na huku kwetu, Wazigua waliokimbia vita vya Somalia baada ya mwaka 1991 walifika Handeni, nchi ambayo mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19. Hawakuwa na orodha ya meli. Walikuwa na Kizigua, ambacho walikuwa wamekihifadhi kwa vizazi kadhaa, na wengi wao baadaye walipewa uraia wa tajinisi. Lugha iliwahifadhia asili yao pale ambapo karatasi haikuwapo.

Mdogo wangu alirudi ofisini akiwa na nakala za vitabu vya ndoa na ubatizo. Safari hii alisema babu alizaliwa Msumbiji, bibi alizaliwa Ruangwa, na baba yetu alizaliwa Ruangwa. Aliulizwa maswali machache, akapigwa picha, na baadaye kitambulisho kikatoka. Baba mdogo alikishika, akakigeuza, akasema kwamba hakioni jina la mama yake popote.

Kwa msomaji anayekusudia kufanya kazi kama hii katika wilaya zetu, nina mashauri machache. Ajue kwamba Ruangwa haikuwa wilaya hadi miaka ya 1990, na kabla yake habari zake ziko katika majalada ya Nachingwea, na za zamani zaidi katika ya Lindi na Jimbo la Kusini. Ajue kwamba vijiji vingi vilihamishwa katika miaka ya 1970, hivyo jina lililo kwenye stakabadhi laweza kuwa leo ni pori lenye miembe. Asome Vitabu vya Wilaya vya wakati wa Mwingereza ili apate habari za makabila na safari zao, bila kutegemea kumkuta mtu wake mmoja mmoja. Asitupe kasha la marehemu kabla ya kufungua kila kilichokunjwa.

Na zaidi ya yote, awahi kwa wazee, na aanze na wanawake. Katika daftari langu sasa nimeandika ukoo wa bibi hadi mama wa bibi wa bibi yake, majina ambayo hayamo katika jalada lolote la serikali. Upande wa babu nina chale za usoni, stakabadhi tisa na jina la mto. Vyote viwili nimeviandika kama vilivyo, na nakala nimempa kila mtoto wa familia aliyefikia umri wa kuulizwa.